Kipande Kilichotoka Nje ya Ulingo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo cha Ufundi, uliyetukabidhi karakana hii baada ya kuchoshwa na barua zetu. Viongozi wa Chama cha Wajenzi wa Roboti za Mapambano. Mjomba wangu, refa wetu wa kwanza, uliyeketi mstari wa mbele. Wazazi na walezi mnaovumilia nyumba zenye harufu ya waya ulioungua. Wajenzi wenzangu mnaoficha mikono chini ya meza kwa sababu ya grisi. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: salamu nyingi, na karibuni.

Niliwekewa kiti hapa jukwaani, tena kiti chenye mto, na mshereheshaji amenipa ishara mara mbili nikae nitulie. Dada, uniwie radhi. Tangu saa tatu asubuhi nimeuzunguka ulingo huu sijui mara ngapi, nakaza skrubu ambazo zimeshakazwa, nagonga ukuta wa plastiki ambao hata nyundo haiutoboi. Kijana wa kupanga viti ameniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamjibu hapana. Nilimdanganya, na si yeye wa kwanza.

Kwa msionijua, mimi ni fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo. Cherehani mia mbili na kumi, ikikohoa moja naitwa mimi. Kazi yangu ni kuhakikisha kitu hakivunjiki. Sasa mniambie, mtu aliyeshinda mchana kutwa akizuia vitu visivunjike, jioni anatafuta nini kwenye mchezo ambao chuma kinajengwa ili kikavunjwe? Nimejiuliza sana. Labda mikono yangu haijui kupumzika. Mama yangu mzazi nilipomwambia kwamba jioni nakwenda kwenye roboti, yeye alisikia viroboto. Akashika kiuno. "Wewe mtoto, umekosa mnyama wa kufuga?" Ndiyo maana roboti yangu ya kwanza nikaipa jina la Kiroboto, na jina hilo limerithiwa na kila niliyojenga baada yake.

Wageni wetu, mchezo wenyewe ni huu. Roboti mbili zinaingia ulingoni, kila moja isizidi kilo kumi na tatu, kila mjenzi ameshika rimoti yake nje ya ukuta. Dakika tatu. Ukishindwa kusogea kwa sekunde kumi, umekwisha. Wengine wanajenga kabari ya kubinua, wengine nyundo. Mimi Kiroboto wangu alikuwa na bapa la chuma juu ya mgongo, lililokatwa kwenye springi ya gari, linalozunguka kwa kasi hata usilione, ukasikia mlio wake tu, na upepo wake ukapeperusha karatasi za majaji. Raha ya mchezo huu siwezi kuieleza vizuri. Unachora mezani wiki sita, unakata, unachomelea, unaunguza vidole, halafu mwenzako anakuvunjia kwa sekunde arobaini, na wewe unacheka! Unakusanya vipande kwenye ndoo, unaviuliza kimoja kimoja, "Wewe ulivunjika kwa nini?" Na chuma hakijui kusema uongo. Palipokuwa na udhaifu, hapo hapo ndipo kitakatika.

Ratiba mliyonayo mkononi inasema kwamba mimi nitaeleza historia ya ulingo huu, kisha nitafunua kile kibao pale chini ya kitambaa chekundu. Kamati wamenionyesha maandishi yake. Kimeandikwa cheo changu katika chama, na chini yake maneno haya: Mama wa Usalama. Historia nitaeleza. Kibao sitakifunua.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tunachezea kwenye ghala la mbao, kule nyuma ya kituo cha mafuta. Ukuta wa ulingo ulikuwa plaiwudi tupu. Siku ya fainali nilipambana na mjenzi anayeitwa Kinyozi, kwa sababu kazi yake ni hiyo hiyo, ana duka lake la kunyoa lenye viti viwili. Roboti yake iliitwa Wembe. Nayo ilikuwa na bapa linalozunguka, nalo limekatwa kwenye springi ya gari, kwa sababu springi hiyo tuliinunua pamoja, tukaigawana kama ndugu wanavyogawana mkate. Refa alikuwa Mjomba. Wengi mnamjua ni fundi saa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi nilipokuwa na umri wa miaka saba, akisema, "Usiisukume, isikilize."

Asubuhi ya siku hiyo nilipomkagua Kiroboto niliona ufa kwenye bapa. Ufa mwembamba kama unywele, kando ya tundu la bolti. Tundu hilo nililitoboa mwenyewe, karibu mno na ukingo, kwa haraka zangu. Bapa la akiba lilikuwa nyumbani. Kwenda na kurudi ni saa nzima, na ningechelewa, na fainali ningenyang'anywa. Nilipitisha kidole juu ya ule ufa. Nikajisemea, litavumilia pambano moja.

Mjomba akaja na karatasi yake. "Umekagua?"

"Nimekagua, Mjomba."

"Bapa?"

"Zima kabisa."

Akatia alama. Hakuinama kuangalia, kwa sababu aliniamini.

Sekunde ya kumi na nane, Wembe na Kiroboto wakakutana uso kwa uso. Mliopo hapa mliokuwepo kule mnaukumbuka ule mshindo. Mabapa yote mawili yalikatika. Kipande kimoja kikapasua plaiwudi, kikaenda hadi kwenye meza ya refa. Mjomba alikuwa ameinua mkono wa kulia kusimamisha pambano.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Namwona ameketi sakafuni, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, ananiuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Saa ya nani hiyo imeanguka?" Saa yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa imefunguka. Na pale chini ya meza, karibu na goti lake, nikakiona kipande. Kilikuwa na nusu ya tundu. Tundu langu. Ndugu zangu, kabla sijamfunga Mjomba kitambaa, nilikiokota kile kipande nikakitia mfukoni mwa aproni. Utaratibu ulikuwa huo: kwanza kipande, halafu Mjomba. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kukaa kwenye kiti chenye mto.

Kamati ilikaa siku ile ile. Wakaagiza kila mmoja alete kipande chake kilichokatika, ili ijulikane kilichotoka nje ni cha nani. Nikakitoa changu nikakiweka mezani, nikasema, "Hiki nimekiokota ndani ya ulingo." Hiyo tu. Sentensi moja. Kinyozi alitafuta chake kila mahali, akapiga magoti na tochi, hakukiona. Basi watu wakapiga hesabu: cha huyu mama kilikuwa ndani, kwa hiyo kilichotoka ni cha Kinyozi, na kwa kuwa hakionekani, bila shaka amekificha. Kinyozi akasema, "Jamani, mimi sikutoboa karibu na ukingo. Pimeni matundu yangu." Hakuna aliyepima. Alifukuzwa chama kabla chai haijapoa.

Kipande chake nilikikuta wiki mbili baadaye, nilipomfungua Kiroboto nyumbani. Kilikuwa kimezama ndani ya fremu, kimebanwa kati ya mota na betri. Kwa hiyo kabla ya hapo ningeweza kujidanganya, labda na chake kilitoka nje, labda. Baada ya hapo hapakuwa na labda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nacho nguoni, nakijua kwa jina, na nikaendelea kuvaa.

Vidole viwili vya Mjomba havikunjiki hadi leo. Fundi saa bila vidole viwili vya mkono wa kulia anafanya nini? Anakaa dukani kwake anawaelekeza wengine kwa mdomo, na jioni anafunga meza yenye vifaa ambavyo hakuvigusa.

Na Kinyozi? Mji una midomo. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekumbuka habari za roboti, likabaki neno lile fupi: yule ndiye kinyozi aliyemkata mzee vidole. Niambieni, ninyi mngeketi kwenye kiti hicho, mkafumba macho, mkampa shingo? Viti viwili vikawa kimoja.

Mimi nilifanya nini? Nilikimbia. Sikuondoka hapa mjini, lakini nilikimbia. Niliandika barua, niligonga milango, nilisimama kwenye ofisi za watu hadi wakanichoka, nikidai ulingo wenye ukuta usiopenyeka. Watu wakasema, jamani huyu mama ana uchungu na usalama! Kila waliponisifu niliandika barua nyingine. Kuta hizi mnazoziona, kila ubao wa plastiki, kila nguzo, nimezijenga kama mtu anayefagia uwanja mzima ili asifagie chini ya kitanda chake. Ulingo ni mzuri. Uchezeeni. Lakini msidhani ulijengwa na moyo mweupe.

Wiki iliyopita Mjomba alikuja kiwandani wakati wa mapumziko. Akanikuta nimelala chini ya cherehani. Akachuchumaa, akasema, "Siku ya ufunguzi mwalikeni yule Kinyozi. Miaka imepita. Mwambieni nimemsamehe."

Nilibaki pale chini nikiitazama mikanda na magurudumu. Mjomba wangu alikuwa amebeba msamaha miaka mitatu, na sasa anautuma kwa mtu asiyemkosea.

Jumatano nikaenda dukani kwa Kinyozi. Mchana, watu wamejaa barabarani, dukani hakuna mtu. Alikuwa anapangusa kioo kisicho na vumbi. Aliponiona hakushangaa. "Nikunyoe?" Nikakaa. Akanivalisha shuka, akapitisha mashine kisogoni, taratibu, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Nilikwenda kusema, nikashindwa kusema. Nilichoweza ni hiki tu: "Kaka, Jumamosi uje kwenye ufunguzi."

"Nije kufanya nini?"

"Uje usikie."

Akazima mashine. Akaniangalia kwenye kioo. "Nimeshasikia mengi," akasema, akanikung'uta nywele mabegani.

Na leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilimweleza Mjomba yote. Nilimwekea vipande vyote viwili mezani pake. Alivigeuza kwa mkono wa kushoto. Sikulia mbele yake, kwa sababu niliona kulia ni kumwomba anibembeleze. Nikamwomba twende wote wawili, faraghani, tukamwambie Kinyozi. Mjomba akasema, "Ulimchafua mbele za watu. Usimfulie uani." Akavaa koti lake, akatoka. Hatukuja pamoja. Mnaona wenyewe haniangalii. Mjomba, usiniangalie mpaka utakapotaka. Sikuombi jambo lolote mbele ya umati huu, maana kumwomba mtu msamaha hadharani ni kumfunga mikono.

Wewe, Kaka, umesimama kule mlangoni, na kofia yako mkononi. Ulisema kweli. Bolti zako zilikuwa nzima, matundu yako yalikuwa sawa, na kipande chako hakikutoka nje ya ulingo. Kilichomkata Mjomba ni changu. Nilijua kabla ya pambano kwamba bapa lina ufa, na nilijua baada ya pambano kwamba umeonewa. Viongozi wa chama, vipande hivi hapa, nawakabidhi. Pimeni, leo, mbele ya kila mtu, mlivyotakiwa kupima siku ile. Na barua ya kujiuzulu iko chini yake. Jumatatu nitakuwa kwenye kibaraza cha lile duka lililokuwa la viti viwili, na kila apitaye nitamweleza, hata akiwa na haraka, hata akinizomea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua umekuja kukata utepe na hukuja kusikiliza haya. Nakuomba jambo moja. Ratiba inasema kwamba pambano la kwanza ni la Kiroboto, na kwamba atakaguliwa na kamati. Naomba akaguliwe na Kinyozi. Roboti zote zikaguliwe naye, na akisema hapana iwe hapana, aanze na ya kwangu. Sisemi kwamba kazi hiyo inamlipa alichopoteza. Nasema tu kwamba katika chama hiki ni mtu mmoja aliyekuwa anatoboa mbali na ukingo.

Kaka, ukiamua kugeuka uondoke, mlango uko nyuma yako na hakuna wa kukulaumu.

Hapana, jamani, msipige makofi. Tafadhali. Mwacheni atembee. Ninyi watoto mlioketi sakafuni, vuteni miguu.

Ameinama mezani. Amemgeuza Kiroboto chali. Anatikisa kichwa... Sauti haifiki huko nyuma, basi niwaambieni: anauliza spana namba kumi na tatu iko wapi, na nani amekaza bolti hii kijinga namna hii. Ni mimi, Kaka. Ni mimi niliyekaza.

Mjomba amesimama. Anampelekea spana.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu siku ambayo sikustahili hata moja. Nawashukuru wote, wa mbele na wa nyuma. Sasa mimi nashuka. Wasogezeeni taa, wanafanya kazi.