Erastus Wambua Kaleli, Mshika Breki wa Mteremko wa Mawe

Mchungaji, wazee, mama zetu, majirani mliotoka Makongeni tangu alfajiri na wenzetu wa machimbo ya Ruiru, aliyesimama mbele yenu ni Kitheka, ndugu wa mjane, na karatasi hii aliyoishika haikutungwa na familia peke yake, kwa maana sehemu kubwa aliitamka marehemu mwenyewe akiwa kitandani, akasomewa mara mbili, na mara ya pili akaagiza isipunguzwe hata neno moja. Tunaomba mtuvumilie, hasa pale mtakapotamani tunyamaze.

Marehemu Erastus Wambua Kaleli alizaliwa tarehe 9 Aprili 1921 huko Matungulu, mtoto wa tatu wa mzee Kaleli na mama Syokau, katika wiki ambayo mvua ilinyesha hata mkunga akashindwa kuvuka mto, na ndiyo sababu akaitwa Wambua. Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1931 hadi Novemba 1934, akamaliza darasa la nne, akasifika kwa hesabu na kwa ubishi, kwa kuwa jambo akishalishika, hata ungempa ng'ombe hakuliachia.

Mwaka 1938 aliajiriwa kwenye shamba la mkonge upande wa Thika, akisukuma vigari vya majani kwenye reli nyembamba, na tarehe 3 Februari 1947 akahamia machimbo ya mawe karibu na Ruiru, akapasua mawe miaka miwili, kisha mwaka 1949 akakabidhiwa breki. Wakati huo alikuwa ameshafunga ndoa, tarehe 17 Agosti 1946, na Mukonyo binti Ndambuki, ambaye mnamwona hapa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Syokau aliyezaliwa 1947, Kaleli wa 1950, na kitinda mimba Ndambuki wa 1953. Alikuwa baba mkali wa maneno na laini wa mkono, na watoto walilijua hilo mapema wakalitumia vizuri.

Kwa wale ambao hawajafika kule machimboni, kuna reli ndogo ya maili moja na nusu, inayotoka shimoni hadi mahali mawe yanapopakiwa kwenye treni ya Nairobi. Magari matupu huvutwa na ng'ombe kupanda, na yaliyojaa hushuka kwa uzito wake yenyewe, kila gari na mtu mmoja amesimama nyuma, mkono mmoja kwenye gurudumu la breki na mwingine kwenye kamba ya kengele. Mteremko wenyewe, marehemu alikuwa akisema, ni mwongo, kwa sababu kule juu reli hushuka futi moja kwa kila futi themanini, mgeni akadhani ni tambarare, halafu inakuwa moja kwa hamsini, na baada ya kona ya migunga inakuwa moja kwa thelathini, na hakuna mahali hata pamoja ambapo jicho litakuambia kwamba hapa ndipo pamebadilika. Kwa hiyo hakutumia jicho, alihesabu kwa nyayo, kila gurudumu lilipogonga maungio ya reli aliongeza moja, na kwenye hesabu fulani alikaza breki nusu mzunguko, kukiwa bado kumetulia kabisa, na vijana aliowafundisha aliwaambia kwamba anayengoja kuuona mteremko ameshachelewa. Kila Jumatatu alichonga vipande vipya vya mti wa kubana magurudumu, na kwa miaka saba hakuna gari lililomshinda.

Chini kabisa, kwenye njia panda ya reli, alikuwa Bedan Gathuku wa Gatanga, kazi yake ikiwa kugeuza reli na kuitoa matope na kokoto. Hawa wawili walikula sahani moja na kutaniana bila kuchoka, Bedan akisema kwamba Mkamba ukimwacha na breki utakuta amekuchongea twiga, na Wambua akijibu kwamba Mkikuyu angekuwa ameshamuuza huyo twiga kabla hajaota masikio. Hata katika miaka hii ya Hali ya Hatari, watu walipoanza kuogopana na kupimana kwa kabila, wao waliendelea kula pamoja.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Juni 1956, kulikuwa na manyunyu na reli ilikuwa na utelezi. Vipande vya breki havikuwa vimebadilishwa Jumatatu ile, kwa kuwa nyapara alikuwa ameongeza safari mbili kwa siku, lakini marehemu ametukataza kulifanya hilo kuwa sababu, alisema mti wa kuchonga ulikuwepo na mikono ilikuwepo. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi gari lake lilipita kona ya migunga likiwa limeshamshinda, likashuka hadi chini, likamgonga Bedan aliyekuwa ameinama mgongo ukielekea mlimani, akafa papo hapo, na marehemu akaokotwa kando ya reli nyonga ikiwa imevunjika.

Jumamosi yake wakubwa wa machimbo walipomjia kumhoji, marehemu alisema kwamba alipiga kengele mpaka gari likamtupa. Wakamwamini, kwa sababu nyonga ile ilikuwa shahidi, na kama kengele ililia basi Bedan aliisikia asiondoke, kwa hiyo karani akaandika kwamba alikuwa amelala kazini, na midomo ya watu ikaongeza pombe ambayo Bedan hakuionja maisha yake yote. Alizikwa haraka, kwa kuwa mikusanyiko ilikatazwa, bila mchungaji na bila mtu wa kusimama kusema alizaliwa wapi. Mkewe Njambi alitolewa katika nyumba ya machimbo siku ya sita, akaenda kuishi kwa dada yake huko Kiuu, na watoto wake wawili wakapachikwa jina shuleni, watoto wa mlala reli, jina wanaloitwa hadi wiki hii.

Hapa ndipo tulipowaomba mtuvumilie. Marehemu hakutupwa na gari, aliruka. Aliruka mwanzoni kabisa mwa ile moja kwa thelathini, ameshika ubao wa pembeni kwa mikono miwili, na kamba ya kengele hakuigusa. Gari lile hakuna binadamu angelisimamisha, wala hakuna anayemlaumu kwa kuogopa kufa, lakini kutoka alipoanguka hadi aliposimama Bedan palikuwa na maungio arobaini ya reli, nafasi ya kumtosha mtu kusikia kengele, kuinuka, na kupiga hatua mbili kando. Marehemu alisema kwamba uongo wake ulianza kama ile reli ilivyoanza, mahali ambapo mtu angeweza bado kushuka akatembea kwa miguu yake, kwanza kwa kuogopa jela, kisha kwa kuona haya, kisha kwa sababu siku zilikuwa zimepita nyingi mno, na alipotaka kushika breki alikuta hana cha kushika.

Nyonga haikupona, mfupa ukaanza kuoza, na Februari 1957 familia ikahamia Makongeni ili awe karibu na hospitali. Kila Jumapili Njambi alitoka Kiuu na kibuyu cha uji, kwa kuwa huyu alikuwa rafiki wa mumewe na alikuwa mgonjwa, akakaa naye, akamsimulia habari za watoto, na marehemu akaunywa uji ule akiangalia ukuta. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba mwaka huu, Njambi alipoondoka, marehemu alikisukuma kikombe, akamwita Mukonyo na Kitheka, akaanza kusema haya mnayoyasikia. Kitheka hafichi kwamba alikataa, alisema maiti haipakwi matope, alisema watoto watabeba aibu isiyo yao, na Mukonyo akamjibu kwamba watoto wa Bedan wameibeba miaka miwili na haikuwa yao pia, basi Kitheka akachukua kalamu. Marehemu aliulizwa mbona asimwambie Njambi mwenyewe, akalia, akasema Jumapili ijayo, na Jumapili iliyofuata Njambi alikuja na uji na marehemu hakufungua mdomo ila kuunywa.

Alituacha Jumapili, tarehe 9 Novemba 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya Thika, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Siku ya pili yake Mukonyo alikwenda Kiuu peke yake, akamweleza Njambi yote akiwa amesimama mlangoni, na Njambi akasikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, wenzake wa machimbo waliombeba hadi hapa Ngoliba, na majirani wa Makongeni, hasa Mama Mwanaharusi, aliyemgeuza kitandani kila mchana Mukonyo alipokuwa kwenye kibarua, na hakuwahi kuuliza yeye ni wa dini gani. Nyote tunawaambia asanteni.

Ipo shukrani moja ambayo haina pa kuwekwa. Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafika, Njambi aliingia uwanja huu na watoto wake, hakumsalimu mtu, na hakuna aliyemdai salamu, akafungua kitambaa akatoa cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa, akamkabidhi Kitheka, akasema neno moja tu, kwamba visomwe sawasawa. Kwa hiyo tunasoma, na tunaomba msimame.

Bedan Gathuku alizaliwa Gatanga mwaka 1918, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1932, akasoma hadi darasa la tatu, akafunga ndoa na Njambi tarehe 5 Februari 1944, akajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, ambao wamesimama pale kando ya mama yao, na akafanya kazi machimboni miaka tisa bila kukosa siku. Hakuugua. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Juni 1956, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa macho, akitoa matope kwenye reli kama alivyoagizwa, na kengele haikulia.

Bedan, pumzika kwa amani. Nawe Wambua, pumzika ukiweza, na ukimkuta huko, wewe ndiye uanze kusalimia.