Mkono Usio na Glavu

Wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi leo nikisikika sijatulia. Siku zote hizi nakaa, nasimama, nakaa tena. Tunamkumbuka mwanamke aliyeshika mikono ya watu wenye hofu. Kazini walimwita Dada Mkono.

Dada Mkono alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Chumba chao ni kidogo: kiti kirefu cha kulaza mgonjwa, taa juu yake, beseni la kuoshea vifaa. Mgonjwa akiona sindano ya ganzi, jasho linamtoka. Hapo Dada Mkono alivua glavu ya mkono wa kushoto. Wa kushoto tu. Akamshika.

"Glavu ni baridi," alisema. "Anayeogopa anataka mkono wa mtu."

Fundi magari mmoja, kifua kama kabati, alimwambia, "Dada, ukiniachia tu naondoka na jino langu."

"Ondoka nalo, likuimbie usiku kucha."

Fundi akacheka mdomo wazi. Daktari akapata nafasi.

Lakini mkono ule, wasikilizaji, mara nyingi ulirudi kazini vilevile, bila glavu. Ulipokea koleo lenye damu. Uliosha vifaa vyenye ncha. Haukukosa mikwaruzo. Narudia, maana ndilo jambo lenyewe: homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu. Mchubuko mdogo unatosha. Na chanjo yake ipo.

Dada Mkono hakuchanjwa. Yeye aliyewatuliza wengine, aliogopa sindano kupita wote. Wachanjaji walipofika kliniki, alijifungia stoo. Daktari akagonga mlango.

"Toka bwana, unafanya nini humo?"

"Napanga taulo, daktari! Halafu nina mafua. Wakija tena."

Walikuja tena. Na mafua yakaja tena. Kliniki nzima ilicheka.

Kisha macho yake yakawa ya manjano. Tumbo likajaa maji. Ini lilikuwa limekwisha kuharibika.

"Hatutajua ilikuwa siku ipi, wala mgonjwa yupi," daktari ameniambia. "Koleo nilikuwa nampa mimi. Ule mkono nilikuwa nauona."

 

Dada Mkono ameacha mdogo wake wa kike. Anafanya kazi kliniki ileile, kwenye beseni lilelile. Hofu yao ni moja, na yeye pia alikuwa hajachanjwa. Dada Mkono alipolazwa hospitali, mdogo wake alimpelekea matunda, naye akayasukuma pembeni.

"Sitaki machungwa. Niletee habari kwamba umechanjwa."

"Kesho, dada."

"Kesho yako naijua. Ina mlango wa stoo."

Dada Mkono alifariki kabla ya kuletewa habari hiyo. Baada ya maziko mdogo wake alirudi kazini. Nilipomwuliza kuhusu chanjo, aliinamia beseni akaendelea kuosha vifaa. Ndiyo maana nimekosa utulivu siku zote hizi.

Leo asubuhi alinipigia simu. "Njoo upesi, kabla sijabadili mawazo."

Nilimkuta kwenye kiti cha wagonjwa, kafumba macho. Majibu ya damu yalikuwa yameonyesha yuko salama. Akanyoosha mkono, na daktari akaanza kuvua glavu ili aushike.

"Usivue," akasema, bado kafumba macho.

Daktari akaurudisha mkono ndani ya glavu, akamshika. Muuguzi akamchoma begani.

"Ni baridi kweli," akasema binti yule. Kisha akalia.

Tunawapa pole mama yake Dada Mkono, mdogo wake, na wenzake wa kliniki. Nawe unayeosha vifaa mahali fulani huku ukitusikiliza, jiulize: umechanjwa? Na kama ulianza, umemaliza?

Kwa maana sindano moja haitoshi. Ya pili ni mwezi ujao, na mdogo wake Dada Mkono ameniachia agizo: "Tangaza redioni. Nikijificha stoo, kila mtu ajue pa kunitafuta."

Basi, mdogo wetu, nimetangaza.