Ndoo Sita za Melkiadi Lyamba

Wasikilizaji wapendwa, mwenye sufuria jikoni aiipue kwanza. Leo nataka mnisikilize vizuri, maana sijui kama nitafika mwisho.

Tunamkumbuka Melkiadi Lyamba, mfunga mizigo ya kreni pale Mpanda. Narudia: Melkiadi Lyamba, mfunga mizigo. Amefariki tarehe tisa Agosti mwaka huu wa 1998, chumbani kwake Kashaulili, akiwa peke yake. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Hakuoa.

Wengine mtauliza, mfunga mizigo ndiye nani? Treni ikileta mashine, kreni ndiyo inayoishusha. Lakini kreni haina akili, jamani! Lazima mtu auzungushie mzigo kamba, autundike kwenye ndoano, kisha ampe dereva ishara. Mtu huyo akikosea, mzigo unamwangukia mwenzake. Lyamba alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, katika yadi moja karibu na reli.

Alikuwa Mkonongo, mtoto wa warina asali. Dada yake, Goreth, alinisimulia: "Baba alipandisha mizinga mitini kwa kamba ya magome. Ikichakaa, haitupi. Analowesha gome bichi, analiviringisha pale palipochakaa. Likikauka linabana. Kamba moja ilitulea sisi wote."

Lyamba akaupeleka ujuzi huo yadi. Kamba moja ya katani ilikuwa imechakaa katikati, naye akaiviringishia gome bichi kama baba yake. Ikapendeza kweli. Wenzake wakamsifu, wakasema huyu fundi. Kumbe gome lilifungia unyevu ndani. Katani ikaoza, na hakuna aliyeona, kwa sababu gome lilifunika.

Tarehe kumi na nne Julai, 1992, walikuwa wanashusha mashine ya kukoboa mpunga. Malale, rafiki yake Lyamba, alikuwa chini anapanga magogo ya kuilaza. Malale huyu walikula naye sahani moja kila mchana. Kamba ikakatika palepale kwenye gome. Malale hakufika hospitali.

Kwenye mazishi, huko Ilembo, mjane wake Esteria aliuliza mara moja tu: "Nani alifunga ile kamba?" Lyamba alikuwa amesimama nyuma kabisa. Kabla kaburi halijafukiwa, alikwishaondoka.

Wakubwa walisema ni ajali, wakafunga faili. Yeye hakufunga.

Apollinarie, dereva wa kreni, mtu wa Katumba, hakunificha kitu. "Nyie mnamsifu leo. Sisi tulimchukia! Kila asubuhi anapitisha kamba zote mikononi, kipande kwa kipande. Akikuta nyuzi zimekatika anachukua panga, anaikata kamba vipande viwili, ili mtu asiirudishe kazini. Kona ya mzigo lazima aiwekee gunia isile kamba. Halafu ananiambia, 'Inua shibiri moja. Simama.' Mzigo unaning'inia shibiri moja tu kutoka chini, yeye anauzunguka, anautazama. Ukikatiza chini yake, unatukanwa mpaka babu yako. Jua kali, tunasubiri."

Wakampa jina: Bwana Shibiri. Sasa sikilizeni. Kwa miaka sita baada ya Malale, hakuna mtu aliyeumia katika yadi ile. Miaka sita, hata kidole. Na kwa miaka hiyo sita hakuna aliyekula naye. Alikuwa anakaa nyuma ya kreni na ugali wake, amewapa watu mgongo.

Mimi mwenyewe nilimfuata mwaka 1996 na kinasa sauti changu. Nilitaka aeleze kazi yake redioni. Akanitazama tu. "We mtangazaji, mimi niseme nini? Wa kusema yuko Ilembo, chini ya udongo." Nikachukia. Nikaondoka nasema huyu mzee ana maringo. Mungu anisamehe, sikujua nilichokuwa nakitazama.

Nilichokuja kujua ni hiki. Kila tarehe kumi na nne Julai, Lyamba alijaza asali kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Alfajiri anakwenda Ilembo, anaiweka mlangoni kwa Esteria, anaondoka. Hapigi hodi.

Na kwetu mnajua, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa kitu unaosha chombo, unatia karanga au unga, unamrudishia mwenyewe. Ndivyo mnavyobaki ndugu. Lyamba akasubiri ndoo yake irudi. Mwaka 1993 haikurudi. Mwaka 1994 haikurudi. Mwaka huu, ndoo ya sita, haikurudi.

"Nilimwambia, kaka, nenda basi ukapige hodi," anasema Goreth. "Akanijibu, 'Asali anapokea, ndoo harudishi. Wewe unataka jibu gani tena?'"

Agosti tisa, Apollinarie alifika yadi akakuta kamba hazijaguswa. "Nikajua," anasema. Alikwenda Kashaulili, akasukuma mlango. Malaria ilikuwa imemmaliza, na maji ya kunywa yalikuwa mbali na kitanda.

Nilipanda treni kwenda kuzika. Tulikuwa wachache. Tulipomaliza, akaja mama mmoja na binti zake wawili, wanasukuma baiskeli imefungwa ndoo. Alikuwa Esteria. Akazipanga kando ya kaburi, akafungua mifuniko. Ndoo sita. Zote zimejaa karanga.

Nikamwomba aseme. Akasema taratibu:

"Mwaka ule wa kwanza niliijaza, nikaiweka nyuma ya mlango. Nilikwishamsamehe. Lakini niliona aibu kumpelekea, baada ya neno nililolisema pale makaburini. Nikasema, shemeji atakuja mwenyewe kuichukua, nimkalishe, ale. Kila mavuno nabadilisha karanga zisioze. Na kila Julai nasikia miguu yake nje. Najikalia kitandani, nasubiri hodi. Anaondoka."

Nami, na mdomo wangu huu usiotulia, nikamuuliza: "Mama, mbona hukufungua mlango?"

Akaushika mfuniko wa ndoo, akaugeuza, akaufuta vumbi kwa khanga. "Hatua tano tu," akasema. "Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tano."

Pole sana, dada Goreth. Pole mama Esteria, umefiwa mara mbili. Poleni wanayadi. Apollinarie ameniambia asubuhi ya baada ya mazishi alishuka kwenye kreni, akapitisha kamba mikononi kipande kwa kipande, na mzigo wa kwanza akauinua shibiri moja, akasimama. Hakuna aliyemwambia aharakishe.

Nyie mnaoinua mizigo, msiifunike kamba iliyochoka. Ikateni. Narudia, ikateni.

Na wewe unayenisikiliza, mwenye ndoo ya mtu nyuma ya mlango, usingoje nimalize. Ibebe sasa hivi. Redio iache iongee peke yake.