Picha Safi ya Bega la Ngazi

Mimi nauza kahawa tu; ujinga wanakuja nao wenyewe. Benchi langu limeegemea ukuta wa nyuma wa hospitali, na kila asubuhi linakaliwa na mabingwa watatu: Waziri, ambaye wizara yake haijaundwa bado, Kinyozi, ambaye wateja wake wanamsubiri mpaka wanaota ndevu upya, na Ngazi, mpaka rangi wa maghorofa. Leo Ngazi kaja na bahasha ya eksirei. Bega linamuuma mwezi mzima sasa, na msimamizi wake kamwambia: picha ikitoka safi, Jumatatu unapanda juu, usipopanda nafasi yako anapewa mwingine. Picha imetoka safi.

Waziri akaiinua juani, juu chini.

WAZIRI: Mfupa mzima! Ngazi, ndugu yangu, wewe mvivu. Njia ya mwongo ni fupi.

NGAZI: Mwongo mimi? Hata shati navalishwa na mke wangu!

KINYOZI: Mwache. Wamempiga picha kwa mbele, maumivu yakajificha nyuma.

WAZIRI: Ushahidi?

KINYOZI: Kikulacho ki nguoni mwako! Ngazi, ulipopigwa picha si ulivuliwa shati?

NGAZI: Nilivuliwa.

KINYOZI: Basi! Maumivu yalibaki kwenye shati, wao wakapiga bega tupu.

MIMI: Toba! Na huyu tunampa wembe atunyoe.

WAZIRI: Au mionzi imeyaua. Kinachouma sasa ni mzuka wake.

NGAZI: Chekeni tu. Jumatatu nikianguka, mtanilelea watoto kwa methali?

Hapo akafika binti wa sare nyeupe, mwanafunzi wa tiba ya viungo pale hospitali, kununua kahawa. Akaiomba ile picha, akaigeuza.

BINTI: Shikamooni. Hii inaonyesha mifupa, wazee wangu. Misuli, na kano zinazoishika kwenye mfupa, hazionekani hapa. Hizo labda altrasaundi.

WAZIRI: Altrasaundi! Kumbe Ngazi mjamzito?

KINYOZI: Mimba ya bega! Hongera, mama kijacho!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, sisemi uongo. Binti akangoja tumalize.

BINTI: Baba, hebu nyanyua mkono wa kulia.

Ngazi akanyanyua. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukagoma. Jasho likamtoka mtu mzima. Mwezi mzima tumelijadili bega lile, na hakuna aliyewahi kumwambia anyanyue mkono.

BINTI: Na kikombe naona anakishika kwa kushoto. Alianza lini?

Waziri akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi, maana mimi ndiye ninayempa kikombe mkononi kila siku ya Mungu.

Nikasema kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado nusu.