Kipande Alichokiacha Mama Ukuta

Kabla ya yote, familia inawaomba watakaozungumza baadaye wawe wafupi. Sababu itaeleweka.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi wa kupaka rangi magari, katika nyumba iliyopakana na karakana. Mama yake alisema alijua nyekundu nane kabla hajajua kuhesabu hadi nane.

Shuleni alidumu hadi darasa la kumi. Cheti chake cha mwisho kinamtaja kuwa "mtulivu, ila huangalia ukuta".

Alianza kazi mwaka 1970 akiandika vibao vya maduka, akaacha kwa sababu maneno yalimzibia rangi. Tangu hapo alipaka turubai kubwa, mita tatu kwa nne, kwa brashi ya chokaa, rangi moja tabaka juu ya tabaka. Ndipo watu wakamwita Mama Ukuta. Njano moja ilimchukua miaka kumi na mmoja. Mgeni alipouliza, "Mama, hii ni picha ya nini?" alimjibu, "Ya njano. Ukiona kingine, kapime macho."

Tarehe 18 Agosti 1979 aliolewa na mpima ardhi, mtu wa vipimo. Wiki ya kwanza tu bwana harusi aligundua kasoro.

"Mke wangu, hapa kwenye kona umesahau kupaka."

"Sijasahau, baba. Hapo ndipo natokea."

Mume alicheka. Lakini kila turubai ilikuwa na kipande hicho cha kitambaa kitupu, upana wa shibiri.

Mapafu yalianza kumsumbua tarehe 3 Juni 2024. Daktari alilaumu tapentaini ya kuoshea brashi. Yeye alilaumu kijani alichokuwa anapaka, kijani cha maji yaliyosimama. Siku za mwisho alimshika binti yake mkono: "Mwanangu, turubai hii inajifunga yenyewe. Msinicheleweshe, nitabaki humo ndani." Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Novemba, saa tisa alasiri. Brashi zilikuwa zimeoshwa, na chumba kikafungwa kwa kufuli.

Mumewe, kwa mazoea ya kazi, alikipima kipande kitupu cha turubai ile ya kijani. Jumanne kilikuwa sentimita kumi na tano. "Kitambaa kimesinyaa," alisema. Jana, kumi. Alikwenda kuwaomba wachimba kaburi waongeze kasi. Leo asubuhi, nne, na kingo zilikuwa mbichi. Binti aligusa, na kidole chake bado ni kijani, kama mtakavyoona mkimpa mkono.

Mazishi, mliyoarifiwa kuwa saa kumi, yatakuwa sasa hivi.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, dada mdogo anayewasomea haya, na turubai arobaini na moja, arobaini zikiwa bado wazi na moja ikizidi kujifunga.

Apumzike kwa amani. Huku nje, pamoja na watu wake.