Waliokwenda Koboko na Barua Yangu

Benchi letu lilikuwa mtaa wa Oli, mbele ya nyumba ya Medina muuza kahawa. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, sukari imeadimika, kahawa tunainywa chungu kwa tangawizi. Wenye benchi tulikuwa wanne. Asuman, askari mstaafu, tulimwita Kota Gadi, kama lindo la lango la kambi, kwa sababu hakuna aliyekaa bila kuulizwa anatoka wapi. Lado, kwa habari zake, alikuwa Redio. Théodore, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo, alikuwa Papa Kitenge. Mimi, Kamisi, waliniita Muhuri. Nilikuwa nikijifunza kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii: kumsikiliza mwenye shida, kisha kumwelekeza, kwa barua yenye muhuri, kwenye misheni, chama au karakana ya kumsaidia. Jina hilo nililipenda mno, na leo naona haya kulitaja.

Siku hiyo nilikuwa najigamba.

— Watu tano ya miguu mbaya nimetuma Koboko, kwa karakana ya misheni, kwa Bruda anatengeneza vyuma ya mguu. Wote tano wamesaidiwa. Wiki iliyopita nimetuma ya sita, ile mama Elena ya kijiji ya Adumi na mtoto yake.

— Nani alikuambia wamesaidiwa? akauliza Asuman.

— Hakuna hata moja amerudi. Kwa ofisi, mtu asiporudi tunaandika kwa daftari: Amefika. Kama amekosa, si atarudi kulalamika?

Basi benchi likapata kazi.

— Kweli kabisa, akasema Asuman. Mguu ikipona, unarudi kufanya nini? Hawa wameingia jeshi. Iko Koboko hapo, wanapiga kwata.

— Kwata na chuma ya mguu? Medina akacheka huku akimimina.

— Chuma ndiyo nzuri! Inalia yenyewe, kwa! kwa! Afande anafurahi.

— Kota Gadi, wewe hujui kitu, akadakia Lado. Redio ilisema, ng'ambo iko mashine inavuta mguu mpaka sawasawa. Bruda amewapandisha ndege. Saa hii wanakula makaroni.

— Redio gani ilisema? akauliza Asuman.

— Ya jirani.

Théodore akaweka kikombe chini, akanyoosha kola yake.

— Mimi najua hawa watu. Kwetu mutu moja alipata chuma ya muguu, akaanza kutembea, akakataa kusimama! Akapita soko, akapita mupaka. Mutu akipata miguu mupya, nyumba inamushinda. Wale tano iko Kisangani, wameoa.

— Wote? nikauliza.

— Wote! Moja iko na wake wawili na pikipiki.

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia shati. Nilikuwa nimevimba kichwa: pikipiki, ndege, wake wawili, na yote yalianzia kwenye kalamu yangu.

Nilikuwa bado nafuta shati Elena alipotokea kwa upande wa barabara ya Koboko. Vumbi lilimfika magotini. Margarita, binti yake wa miaka sita, alikuwa mgongoni, mguu mmoja mwembamba ukining'inia. Mkononi alishika bahasha yangu. Asuman, kwa mara ya kwanza, hakumuuliza mtu anatoka wapi.

— Bwana, tumerudi, akasema Elena.

— Karibu, mama. Bruda alisema nini?

— Bruda hakuna. Alirudi kwao, miaka tatu sasa. Nyumba yake ya vyuma wanaweka tumbaku. Iko mlinzi tu, mzee Obeti. Aliangalia barua, akasema: pole mama, wewe ni mtu ya sita. Wote na barua kama hii, na muhuri kama hii.

Niliichukua ile barua, nikautazama muhuri wangu.

— Na wale wengine tano?

— Walilala kwa veranda siku mbili, tatu, wakangoja. Halafu wakaenda kwao.

— Mbona hawakurudi kwangu kusema?

Elena alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

— Bwana, nani atarudi kwa ofisi ya serikali kusema barua yake ni ya bure? Wanaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini mtoto ni huyu.

Jina la karakana ile nililikuta kwenye karatasi ukutani, iliyoachwa na afisa aliyenitangulia. Nililinakili kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari kwa rula. Kumbe vile vile kwa mwandiko mzuri nilikuwa nimeandika Amefika, mara tano. Niliona aibu.

— Sikuja kugombana, akasema. Nauliza tu. Wewe mwenyewe, mbele ya kuandika barua, ulifika kule siku moja?

Basi la Koboko lilipita mbele ya benchi letu karibu kila siku, na dereva tulimsalimia kwa jina, lakini sikuwahi kulipanda.

 Théodore aliinuka, akampisha mtoto nafasi yake.  Medina alitikisa birika apate hata kikombe kimoja cha kumpa mgeni, halikutoa kitu, akaingia ndani kutafuta maji.

Elena alimketisha Margarita, akauweka ule mguu vizuri juu ya benchi kwa mikono miwili.

— Haya. Sasa tunaenda wapi?

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema kesho nitapanda basi mwenyewe, nikaulize mlango kwa mlango. Lakini mkono wangu, kwa mazoea, ulikuwa umeshachomoa kalamu mfukoni. Margarita akaiona, ile ile iliyoandika barua ya Koboko, akaanza kulia.