Matairi Makubwa ya Rra Modisaotsile

Ndani ya basi la kwenda Maun, mzee aliyejitambulisha kama Rra, yaani Bwana, Modisaotsile alikuwa akimsifia mama wa kiti cha jirani matairi mapya, makubwa, ya pikapu yake. Alikuwa anakwenda kuichukua gereji, kisha amrudishe nyumbani binti yake aliyejifungua.

"Rra, hata mimi niliwahi kufunga makubwa hivyo," mama akamkatiza. "Mshale wa spidi ukisema themanini, wewe uko karibu tisini. Punda wakaingia barabarani, nikakata kona, tairi likakwaruza bodi, usukani ukagoma. Gari lilisimama punda ananichungulia dirishani! Askari wa barabarani ndiye aliyenieleza kwamba matairi yamezidi ukubwa wa gari. Kila nikisali namtaja."

"Mimi ningemshukuru punda," akasema mzee. Abiria tuliokuwa karibu tulicheka, mama hakucheka. "Lakini mma, mama yangu, mchanga wa kwetu unameza magari. Matairi madogo hayafui dafu."

"Sibishani na mchanga, rra. Namuombea huyo mjukuu wako utakayempakia."

Basi likasimama Maun. Mzee alichelewa kuinuka, kondakta anamwita.

"Asante, mma," akasema, sauti imeshuka. "Bado sijui nitayafanyaje haya matairi. Ila leo nitaendesha kama nimepakia mayai."